Nyaraka za programu tumwandikie nani: anayeanza sifuri au aliyekwisha zoea kazi?

Fundi Maktaba (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna ubishi kati yangu na mwenzangu na hatujamalizana, kwa hiyo nauleta mezani. Tunatunza maktaba ndogo ya Python, ya chanzo huria, inayogeuza tarakimu kuwa maneno ya Kiswahili. Ukiipa 1250000 inakurudishia "milioni moja laki mbili na elfu hamsini". Kazi yake ni risiti, hundi na mikataba, pale panapotakiwa kiasi kwa maneno. Haina makuu.

Juzi kati dogo mmoja wa chuo akafungua tiketi (ombi la msaada kwenye ukurasa wa mradi). Kafuata README yetu, lile faili la maelezo ya mradi, kafika kwenye `pip install`, amri ya kusakinisha maktaba za Python, Windows ikamwambia pip haitambuliki. Akauliza afanyeje. Mwenzangu akaifunga tiketi kwa jibu la mstari mmoja: hapa hatufundishi Python.

Mimi naona hatukumtendea haki. Sisemi README igeuke kozi. Nasema kila mradi, hata uwe mdogo vipi, uwe na njia moja inayomtoa mtu sifuri mpaka aone kitu kimefanya kazi kwenye mashine yake mwenyewe, tena mashine ya kawaida yenye Windows, siyo ile ya mwandishi. Njia moja. Baada ya hapo nyaraka ziwe kavu zitakavyo. Mwenzangu anasema ukishaanza kumshika mtu mkono huna pa kumwachia: leo pip, kesho PATH (orodha ya mahali kompyuta inapotafuta programu), keshokutwa namna ya kuwasha kompyuta.

Mpaka uwekwe wapi?

Kapuku wa Tandale

Naweka kambi hapa. Mkianza kushusha nondo mnishtue.

Mzee wa Terminali

Mwenzako yuko sahihi, na ngoja niseme kwa nini kabla vijana hawajanirukia.

Mwongozo wa kwanza wa mfumo endeshi wa Unix una tarehe 3 Novemba 1971, kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Kila amri na ukurasa wake: jina, inavyoandikwa, maelezo, mafaili inayogusa, kasoro zinazojulikana. Basi. Mpangilio huo ndio unaoukuta leo ukiandika `man ls` (man inafungua mwongozo wa amri), miaka 50 na ushee imepita. Umedumu kwa sababu haukutaka kumpendeza kila mtu. Unaingia, unaona chaguo fulani linafanya nini, unatoka. Ukianza kupachika "karibu rafiki, leo tutajifunza" kila ukurasa, unayemwadhibu ni mimi ninayeingia humo kutwa nzima, kwa ajili ya mtu atakayesoma mara moja asirudi.

Ugeni ni hali ya wiki chache. Baada ya hapo mtu anaitumia zana ileile miaka. Mnataka tuandike kwa ajili ya zile wiki? Chukueni curl, zana ya kuvuta data mtandaoni kwa amri: ina machaguo zaidi ya 200. Mwelezeni mgeni kila moja kuanzia HTTP ni nini, halafu mniambie nani ataufikia mwisho wa ukurasa huo.

Hata Arch Linux walikuwa na mwongozo wa wanaoanza kwenye wiki yao. Mwaka 2016 wakauunganisha na mwongozo wa usakinishaji, ukabaki mmoja mfupi wenye viungo. Kurasa mbili zikisema jambo lilelile, moja lazima ioze.

Binti Mwambao

Shikamoo Mzee. Nimekusoma, ila kuna kipande cha mwaka 1971 umekiruka. Kurasa zile za kwanza zilikuwa na kichwa kimoja zaidi mwishoni: mwenye amri. Hapo paliandikwa "ken" (Thompson) au "dmr" (Ritchie). Yaani ukikwama unamjua wa kumfuata, na wa kumfuata mko naye maabara hiyohiyo ya Bell Labs. Wasomaji walikuwa wafanyakazi wenzao. Mwongozo uliweza kuwa mkavu kwa sababu mwandishi mwenyewe alikuwa anapatikana kwa miguu. Leo dogo yuko Mbeya, mwandishi yuko bara jingine na hajibu. Mmeurithi ukavu, mmemwacha mtu wa kuulizwa.

Na hiyo curl uliyoitaja ndiyo inayokuangusha. Zamani `curl --help` ilikuwa inakumwagia machaguo yote kwa mpigo. Tangu 2020 inakuonyesha machache yanayotumika sana, kisha inakuelekeza kwenye makundi. Ukiyataka yote unaandika `curl --help all`. Hawakuondoa hata chaguo moja. Walichopanga ni nani akutane na nini kwanza.

Kuna na tldr, kurasa fupi za mifano zinazoandikwa na watu wa kujitolea. `tldr tar`, unapewa jinsi ya kufunga kabrasha na jinsi ya kulifungua, umemaliza. Watu hawajitolei kuandika kitu kama kile kilichopo kinawatosha.

Mzee wa Terminali

Marahaba binti. La mwenye amri nimelikubali, nilikuwa nimelipita. La tldr linanisaidia mimi: wameandika pembeni, man imebaki ilivyo. Nani kakataza pembeni?

Chuma Ulete

Watoto wa siku hizi wavivu tu. Sisi tulijifunza kwa kuharibu. Google ipo, ChatGPT ipo, YouTube ipo. Mnataka mtafuniwe?

Mwalimu wa Maabara

Chuma Ulete, uliyejifunza kwa kuharibu ulikuwa na kompyuta ya kuharibu. Nafundisha programu chuo cha kati, kompyuta moja wanakaa watatu na hakuna mwenye ruhusa ya msimamizi. Nasimama nyuma yao, kwa hiyo naomba niwaambie ninachokiona, maana naona humu mgeni anajadiliwa kama mtu wa kufikirika.

Nyaraka zinaandika hivi: `$ pip install requests`. Mwanafunzi anakopi mstari mzima pamoja na ile dola. Terminali (dirisha la kuandikia amri) inamjibu `$: command not found`. Anasoma, anakopi tena, jibu lilelile. Anageuka kuniangalia, ameshaamini mashine ni mbovu. Hakuna aliyemwambia kwamba dola inawakilisha terminali inayosubiri uandike, wewe unaanzia baada yake.

Mwingine amekuta `export API_KEY=<your-key>`. Anabandika ufunguo wake katikati na kuyaacha mabano. Bash, programu inayopokea amri za terminali, inasoma yale mabano kama maagizo ya kuchota na kumwaga kwenye mafaili, inalalamika kuhusu kitu kinachoitwa `newline`. Neno hilo halipo popote kwenye alichoandika. Hebu jiweke kwenye kiti chake.

Windows sasa. Kisakinishi cha Python kina kiboksi chini kabisa ya dirisha la kwanza, "Add python.exe to PATH", hakijawekewa tiki. Wote wanabofya kitufe kikubwa cha juu. Wakiandika `pip`, haitambuliki. Ndiyo tiketi ya mleta mada hiyo, neno kwa neno. Na ukiandika `python` kwenye Windows isiyoiona Python, inakufungulia Microsoft Store. Mwanafunzi anahisi ameombwa hela.

Halafu `source venv/bin/activate`, ya kuwasha venv, yaani kabrasha la kutengea maktaba za mradi mmoja. Kwenye Windows kabrasha la `bin` halipo, lipo `Scripts`. Akilipata hilo akajaribu kwa PowerShell, anaambiwa kuendesha skripti kumezuiwa kwenye mfumo huu.

Sasa angalieni vizuri: katika yote hayo, Python yenyewe bado hajaigusa. Hakuna kigumu hata kimoja cha kufundishwa muhula mzima. Kila kimoja kinatibiwa kwa sentensi. Kwa yule dogo, badala ya `pip install` andikeni `py -m pip install` kwa watu wa Windows. Ile `py` inakuja na kisakinishi na inafanya kazi hata kama kiboksi hakikuwekewa tiki. Tiketi kumi zimekufa hapo.

Fundi Maktaba (mleta mada)

Mwalimu, hiyo ya `py` naichukua sasa hivi.

Mzee wa Terminali

Mwalimu nakuheshimu na ulichoeleza nakiona. Lakini hayo ni matatizo ya Windows na ya Python. Kwa nini mwenye maktaba ya kuandika hela kwa maneno abebe mzigo wao? Kila maktaba duniani irudie sentensi zile zile?

Mwandishi wa Nai

Salamu kutoka Nairobi. Hii ndiyo kazi inayonilisha, kuandika nyaraka za programu, basi niruhusuni nirefushe kidogo.

Mnabishana kana kwamba nyaraka ni kitu kimoja, mtu aamue kiwe laini au kigumu. Daniele Procida, aliyetoka kwenye jamii ya Django (zana ya Python ya kujengea tovuti), amezigawa mara nne na mgawanyo huo umesambaa sana siku hizi kwa jina la Diátaxis. Kuna somo, la kumtembeza anayejifunza. Kuna mwongozo wa kazi, wa mtu anayejua anachotaka kufanya ila hajui hatua. Kuna marejeo, ndiyo hizo man za Mzee. Kuna ufafanuzi, wa kueleza kwa nini mambo yako hivi. Ukifungua nyaraka za Django, ukurasa wa mbele unakwambia hivyo wazi: masomo haya hapa, marejeo haya hapa, na kila kundi ni la nani. Somo lao la kwanza linajenga programu ndogo ya kupigia kura, mwanzo hadi mwisho. Marejeo yao ni makavu kama ya Mzee. Vyote vinakaa tovuti moja na hakuna anayemkanyaga mwenzake.

Kwa hiyo Mzee, marejeo yako hakuna anayeyagusa. Kinachoharibu README nyingi ninazozisoma ni kuchanganya: mstari wa pili mtu anakueleza falsafa ya muundo wake, wa tatu anakwambia sakinisha, wa nne ameanza kuorodhesha vigezo vya kila fanksheni. Mgeni anapotea, mjuzi anakereka, wote kwa ukurasa mmoja.

Sasa nikubane na wewe mleta mada. Usidhani "rafiki kwa mgeni" maana yake ni maneno mengi. John Carroll alipokuwa mtafiti IBM miaka ya 1980 aliwatazama watu wa ofisini wakijifunza programu za kuandikia barua. Aliona kwamba hawasomi. Wanaruka utangulizi, wanataka kufanya kazi yao halisi papo hapo, wakikosea wanajitahidi kujinasua wenyewe. Alichofanya ni kupunguza: akatoa maelezo ya awali, akaweka kazi halisi tangu mwanzo, akaongeza sehemu za kumsaidia aliyekosea. Mwongozo ukawa mfupi zaidi na watu wakajifunza haraka zaidi. Ndiyo maana ninapoona README ina aya tano za kukaribisha, najua mwandishi anajipendeza mwenyewe.

Mfano mwingine Mzee utaupenda: `vimtutor`, somo la kihariri cha Vim. Ni faili. Unaifungua kwa Vim yenyewe, inakwambia futa neno hili, unalifuta humo humo, ukiharibu hakuna hasara maana inakupa nakala. Baada ya nusu saa hivi unaweza kuhariri. Sidhani kuna anayeona `vimtutor` imeichafua `:help`, marejeo ya Vim.

Mzee wa Terminali

Vimtutor umenipata.

Kapuku wa Tandale

Hahaha Mzee kapigwa na Vim yake mwenyewe.

Shemeji wa Sava

Nadharia tamu, ila swali langu ni moja: nani ataandika? Mwaka 2017 GitHub waliwahoji watu wa chanzo huria, asilimia 93 wakasema nyaraka pungufu au zilizopitwa na wakati ni tatizo wanalokutana nalo. Katika haohao, asilimia 60 ya wachangiaji wakakiri ni nadra sana kuchangia nyaraka, au hawachangii kabisa. Wote tunalia njaa na hakuna anayekwenda jikoni.

Stack Overflow nao walijaribu. Mwaka 2016 wakafungua sehemu ya nyaraka, umma uandike, mifano mbele, na pointi za kuwavutia watu. Agosti 2017 wakafunga. Wana watu wengi kuliko sisi wote, wakashindwa. Mleta mada na mwenzake wako wawili, tena baada ya saa za kazi.

Binti Mwambao

Shemeji, hapo ndipo hoja ya mleta mada inapopata nguvu. Hakuomba nyaraka zote ziwe laini. Kaomba njia moja. Watu wawili wanaweza kutunza njia moja.

Na kwa swali la Mzee, mbona kila maktaba irudie: isirudie. Waandike juu kabisa wanategemea msomaji awe na nini, kisha wamwelekeze kwa aliyekwisha kulieleza. Somo la Django Girls, kwa mfano. Hao walianza Berlin mwaka 2014, wanawake wanaoanza kabisa, na somo lao linaeleza intaneti inavyofanya kazi, terminali ni nini, kisha linatenganisha maelekezo ya Windows, macOS na Linux hatua kwa hatua. Lipo bure, limetafsiriwa lugha kibao. Weka kiungo, endelea na hela zako kwa maneno.

Mwalimu wa Maabara

Naliunga mkono, kwa sharti moja. Kiungo kimpeleke penye jibu, si kwenye ukurasa wa mbele wa tovuti. "Soma nyaraka za Python" si kiungo, ni kufukuzana kwa heshima.

Daftari la Afya

Mimi si programa, nipo kitengo cha takwimu halmashauri, tunatumia DHIS2, mfumo wa kukusanyia takwimu za afya, kila mwezi. Naomba niingize sauti ya upande wa pili maana humu "mgeni" wenu bado ni mtu anayetaka kuwa programa.

DHIS2 kiini chake ni Chuo Kikuu cha Oslo na inatumika nchi nyingi. Nyaraka zake zimegawanywa kwa kazi ya msomaji: anayetumia, anayeiweka nchini, anayetunza sava, anayeiendeleza kwa kuandika kodi (msimbo wa programu). Mgawanyo huo umenisaidia sana, kwa sababu nikiingia sehemu ya watumiaji sikutani na habari za Java na hifadhidata.

Ila nikishuka kituoni, muuguzi aliyefunga vitabu vya MTUHA na kubeba jumla zake hasomi hata hiyo. Alichonacho ni karatasi moja ukutani, picha nne za skrini, mishale kwa kalamu nyekundu, imeandikwa na mtu aliyekuwepo kabla yake. Chagua kituo, chagua fomu, chagua mwezi, jaza, bonyeza kukamilisha. Chini mwenzetu mmoja kaongeza kwa mkono: "kisanduku kikiwa cha njano subiri, hakijahifadhiwa bado". Hiyo sentensi ya mkono ndiyo inayotazamwa kuliko zote.

Aliyeiandika alikuwa amekaa na kazi ile. Nyaraka rasmi ni nzuri, lakini hakuna aliyeko mbali atakayejua kwamba mtandao wa pale unakatika saa za mchana na watu wanafunga ukurasa kabla haujahifadhi.

Mwandishi wa Nai

Daftari, hiyo karatasi natamani ningeiandika mimi.

Bando Limekata

Kuna aliyesema YouTube ipo. Ndugu yangu, video ya dakika 40 inakula bando la siku mbili, na ninachokitafuta ni mstari mmoja ulioko dakika ya 31. Siwezi kuukopi. Toleo likibadilika mwenye video harudi kurekebisha, ila ukurasa wa maandishi mtu yeyote anarekebisha neno moja na kutuma.

Kama tunazungumzia urafiki kwa mgeni wa huku, la kwanza kwangu ni nyaraka zishukike. Python unapakua nyaraka zake zote kama faili moja. Django vilevile. Lugha ya Rust ni bora zaidi: ukiisakinisha kwa rustup nyaraka zinakuja nayo, unaandika `rustup doc` kivinjari kinafunguka bila mtandao wowote. DevDocs nayo inakuruhusu kuhifadhi za lugha nyingi na kuzisoma mtandao ukiwa umezimwa. Hostel yetu mtu mmoja anapakua kwenye wifi ya chuo, wengine tunahamishiana kwa flashi.

Chuma Ulete

Hapo kwenye bando nimekuelewa. Nafuta kauli ya YouTube, zingine zinabaki.

Mhasibu wa Kodi

Naomba kuuliza, kwani mgeni ni nani hasa? Kodi nimeandika muda mrefu na watu wananilipa. Hivi karibuni nilikuwa naunganisha duka la mteja na malipo ya simu ya kampuni moja, jina tuliache. Nyaraka zao ni kamili kabisa. Kila anwani imeelezwa, kila kigezo na aina yake. Kisichokuwepo ni mpangilio: unaanza na ipi? Tokeni unaipata kabla au baada ya kusajili anwani ya majibu? Namba ya simu waliandika "string", basi. Nikaweka na sifuri ya mbele, ikakataa. Nikaweka na alama ya kujumlisha, ikakataa. Kumbe inaanza na 255 tupu. Kosa lililorudi lilisema "ombi batili". Batili wapi?

Halafu anwani ya majibu. Sava yao ndiyo inayokupigia wewe baada ya mteja kuweka namba ya siri, kwa hiyo `localhost`, yaani kompyuta yako mwenyewe, haiwezi kufikika. Jambo la wazi ukishaambiwa. Vijana wawili niliokuwa nao walikaa kusubiri jibu lisilokuja, na hakuna kosa lolote lililoonekana maana upande wetu kila kitu kilikuwa salama.

Kwenye kodi mimi si mgeni. Kwenye mfumo ule nilikuwa mgeni kama dogo wa tiketi. Mfano mmoja kamili, wenye namba halisi ya majaribio na jibu linalotarajiwa, ungetuokoa sote watatu, mimi na wale vijana, kwa pamoja.

Shemeji wa Sava

Hili la ujumbe wa kosa mnalipita haraka, na mimi naliona ndilo zito kuliko README. Mtu hasomi nyaraka mpaka akwame, na akikwama anachokisoma ni kosa. Git, zana ya kutunza matoleo ya kodi, watu wanaisema vibaya sana kwa nyaraka zake, ila jaribu kusukuma tawi jipya: inakataa, halafu inakuandikia amri kamili ya kukopi, `git push --set-upstream origin` na jina la tawi lako mwishoni. Hakuna aliyewahi kufungua mwongozo kwa hilo. Rust nayo makosa yake mengi yana namba. Ukiona E0382 unaandika `rustc --explain E0382` unapewa maelezo marefu yenye mfano wa kodi mbovu na iliyorekebishwa.

Mhasibu, hao wa malipo wangeandika "namba ianze na 255, bila alama ya kujumlisha" ndani ya kosa lenyewe, mada yako isingekuwepo.

Mzee wa Terminali

Sasa tunaongea. Kosa linaloeleza linamsaidia mgeni na mjuzi kwa wakati mmoja na halimpotezei mtu muda. Kura yangu iko hapo.

Fundi Maktaba (mleta mada)

Wakuu, nimekaa na mwenzangu, tumesoma bandiko kwa bandiko. Tiketi tumeifungua tena. Sehemu ya juu ya README itakuwa hivi, ipigeni mawe:

> Inafanya nini: inageuza kiasi cha fedha kuwa maneno ya Kiswahili.
>
> Unachohitaji: Python 3 iwe imeshasakinishwa na uwe unajua kufungua terminali. Kama bado, anza na sura ya usakinishaji ya somo la Django Girls (kiungo), kisha rudi.
>
> Windows: `py -m pip install nenohesabu`
> Linux na macOS: `python3 -m pip install nenohesabu`
>
> Kisha fungua Python, andika:
>
> `>>> from nenohesabu import andika`
> `>>> andika(1250000)`
> `'milioni moja laki mbili na elfu hamsini'`
>
> Usinakili alama za `>>>`. Ukiona maneno hayo, umemaliza. Orodha ya fanksheni zote iko kwenye MAREJEO.

Na tumebadilisha kosa moja. Zamani mtu akiingiza "1,250,000" yenye mikato alipata kosa la Python tupu. Sasa anaambiwa: ondoa mikato, andika 1250000.

Mwandishi wa Nai

Nzuri. "Kisha fungua Python" umemruka mtu. Aifungue vipi? Andika `py` kwa Windows, `python3` kwa wengine. Baada ya hapo usiongeze neno.

Mwalimu wa Maabara

Linux za siku hizi, Debian na Ubuntu za karibuni, hiyo `pip install` ya moja kwa moja itakataa na kusema mazingira yanasimamiwa na mfumo. Itabidi umpitishe kwenye venv. Samahani kwa kukuongezea mistari, ila ndiyo hali.

Mzee wa Terminali

Na mimi nichangie, nisionekane mpinzani wa kudumu. Mfano wako utaoza siku utakapobadilisha mpangilio wa maneno, na mgeni ndiye atakayeumia maana hajui kama kosa ni lake au lako. Python ina `doctest` tangu toleo la 2.1, mwaka 2001. Andika `python3 -m doctest README.md`: inatafuta kila `>>>`, inaiendesha, inalinganisha jibu. Iwekeni kwenye majaribio yenu ya kila mabadiliko, README ikidanganya kodi haiingii. Angalizo: ukiufunga mfano kwa zile alama tatu za markdown, acha mstari mtupu kabla yake, la sivyo doctest itadhani alama hizo ni sehemu ya jibu.

Fundi Maktaba (mleta mada)

Mzee, nondo hiyo. Imeingia usiku huu huu, na venv nayo imeingia. Mwenzangu kauliza kama unapokea mialiko ya kuwa mtunzaji.

Mzee wa Terminali

Mwambie nitatunza MAREJEO. README waachieni walimu.

Kapuku wa Tandale

Wakuu mimi nilikuwa nasoma tu, ila nauliza: mimi sina kompyuta, najifunzia kwenye simu, Pydroid 3 (programu ya Python ya Android). Hiyo maktaba inakubali?

Fundi Maktaba (mleta mada)

Haina utegemezi wowote, ni Python tupu, inapaswa kukubali. Fungua menyu, ingia Pip, andika nenohesabu, sakinisha. Ukikwama bandika kosa lenyewe hapa, usilifupishe.

Kapuku wa Tandale

Imekubali. Ila mikono imechoka, hizo `>>>` mbona Pydroid sizioni mpaka nitafute? Niliandika kwenye kihariri nikabonyeza kitufe cha kuendesha, haikutoa kitu, mpaka nilipoweka `print`.

Mwalimu wa Maabara

Kapuku, fungua tiketi kwa maneno hayohayo uliyoandika hapa. Mleta mada, wa simu ni wengi darasani kwangu kuliko wa Linux.